Mpira wa Pili wa Fundi Timazi

Kazi yangu ni kufuta. Watu wakiniuliza nafanya nini nawajibu hivyo, wanadhani nasafisha sakafu, nami siwasahihishi, maana sakafu nimesafisha kweli, na masufuria ya hoteli, na nguo za watu, mpaka kibanda changu cha sokoni kilipoungua na mume wangu akaona ule moshi ni ishara kwamba basi la kwenda mbali limefika. Sasa nina miaka arobaini na saba, nina kiti chenye gurudumu moja bovu, na nafuta diski.

Maktaba yetu ni ya watu wasioona. Msomaji anasoma kitabu kwa sauti, sauti inaingia kwenye diski, diski inatiwa kwenye bahasha ngumu na kwenda nyumbani kwa mtu. Akimaliza kusikiliza anairudisha, naifuta, natia kitabu kingine, inaondoka tena. Diski hizi zimetengenezwa hivyo, za kufutika, na wanasema moja inavumilia kuandikwa mara elfu. Mimi nilifutwa kazi mara tatu tu na tayari nilikuwa nimechubuka.

Sasa, mtu asiyeona ataniambiaje kwamba amemaliza? Ndiyo maana tuna utaratibu wa mipira. Wateja wetu wanakata vipande vya tyubu ya baiskeli, vinakuwa vipete vya kufungia. Mpira mmoja kwenye bahasha maana yake nimemaliza, futa. Miwili iliyopishana maana yake usiguse, naja kuichukua. Trei ni moja, iko pembeni ya meza yangu. Anayekuja anapapasa, anaweka, anakwenda zake, na mipira inabaki kumsemea.

Ukutani juu ya mashine kuna karatasi: KILA DISKI IFUTWE YOTE. Aliyeiandika ni Mkutubi, mkuu wetu, mama wa miwani miwili, mmoja puani na mmoja kifuani, na herufi zake ni kubwa kiasi kwamba nadhani hata wateja wetu wanaziona. Lakini mashine ina vitufe viwili vya kufutia. Ukibonyeza Futa Yote, unakaa dakika ishirini na tano unaisikiliza ikikoroma, kwa diski moja. Ukibonyeza Futa Haraka, dakika moja imetosha. Baadaye ukiiuliza mashine, jibu ni lilelile: diski tupu. Niambie wewe, mtu aliyezungushwa na maisha kama mimi atabonyeza kipi. Kwa miaka mitatu nilibonyeza Haraka, na kila mwisho wa mwezi Mkutubi alinisifu kwa bidii mbele ya wenzangu. Sifa zile nilizimeza bila maji.

Sasa nikwambie kuhusu Fundi Timazi. Alikuwa mwashi, miaka ishirini na sita, mpaka siku pipa la chokaa lilipommwagikia usoni. Timazi ni ule uzi wenye chuma mwishoni ambao waashi wanauning'iniza kupima kama ukuta umesimama wima, na jina lilimfaa, maana anatembea amenyooka hivyo, fimbo mbele, kichwa juu, kama mtu anayekagua dari. Tulizoeana. Nilikuwa namwambia akipita mlangoni aangalie asiunyooshe.

Tatizo lake halikuwa macho. Alikuwa na kigugumizi, na kigugumizi chenyewe kilikuwa kwa wageni tu. Na mkewe aliongea, na mimi baada ya wiki mbili tatu aliongea, lakini mbele ya mtu mpya neno la kwanza lilimgomea kama punda mlangoni. Chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mwalimu wa uashi. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa vyuo viwili kabla ya hapo, na kote wakamshukuru kwa kuja kabla hajamaliza kutaja jina lake. Safari hii mkuu wa chuo alimwonea huruma, au labda alikuwa mtu wa kufikiri. Akamwambia: rekodi somo lako moja, uje nalo, jopo litasikiliza. Alhamisi, saa nane mchana. Baada ya hapo nafasi inafungwa.

Mkutubi akampa chumba chetu cha kurekodia, kile kilichobandikwa trei za mayai ukutani, na diski moja ya maktaba. Chombo cha mle ndani ni cha zamani, kinaandika moja kwa moja kwenye diski, hakibakizi nakala. Timazi akaja na mwiko wake na matofali manne kwenye mfuko. Niliwahi kusimama nje ya mlango nikamsikiliza. Alikuwa akigonga tofali kwa mpini wa mwiko, ko, ko, ko, na maneno yakafuata mdundo, moja baada ya jingine, bila kukwama. Alifundisha kujenga ngazi kwa mkono na sikio. Siku kumi na moja zilimtoka kwa somo la dakika arobaini na moja. Siku tatu kati ya hizo zilikuwa za mwanzo peke yake, pale pa kusema yeye ni nani.

Alimaliza Jumatano jioni. Mimi sikuwepo, nilikwenda kung'olewa jino.

Alhamisi asubuhi nilifika na shavu limevimba na nywele zimesimama kila upande. Trei ilikuwa imejaa. Nikachomoa mpira mmoja uliokuwa juu juu, nikafunga nywele, nikaendelea na chai yangu upande wa jino zima. Halafu nikafuta. Diski ishirini na mbili, haraka haraka, saa nne haijafika nilikuwa nimezimaliza zote na kuandika tisa upya kwa hadithi moja ya mpelelezi ambayo wateja walikuwa wakiigombania.

Timazi akabisha hodi.

"Karibu, fundi," nikasema. "Shati hilo limepigwa pasi au limepigwa plasta?"

"Mke wangu. Amesema nikikaa chini kabla ya saa nane nisirudi nyumbani."

"Basi simama hapo uwe nguzo, jengo letu lina ufa." Nikaingiza diski ya kumi, nikabonyeza Andika. Ikaanza kuzunguka.

"Nimefuata diski yangu."

"Ipi?"

"Ya somo. Niliiacha jana kwenye trei, nyumbani wajukuu wanashika kila kitu. Nimeweka mipira miwili, imepishana. Niliikata mwenyewe, mipana kidogo, ili usiikose."

Mkono wangu wa kushoto ulikwenda kichwani wenyewe. Mpira niliofungia nywele ulikuwa mpana kidogo.

Mkono wa kulia ukabonyeza Simamisha.

"Dada," akasema Timazi. "Upo?"

"Nipo."

"Umenyamaza. Wewe huwa hunyamazi."

"Fundi, kaa."

"Nimekatazwa kukaa."

"Kaa tu, mkeo nitaongea naye." Hakukaa. Basi nikamwambia akiwa amesimama. "Diski yako nimeifuta."

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alishika fimbo kwa mikono miwili, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu tuzoeane neno likamgomea mbele yangu. Nilikuwa nimerudi kuwa mgeni.

"L-l-labda," akasema mwishowe, "m-mpira mmoja ulikatika. Ile t-tyubu ilikuwa kuukuu."

Ona mtu huyo. Nimemvunjia nyumba na ananitafutia kivuli cha kukaa. Nami nikakaa.

"Labda," nikasema.

Mkutubi alitoka ofisini kwake. Nadhani ule ukimya ulimshtua, haujawahi kutokea zamu yangu. Nikamweleza nusu. Akavaa miwani ya kifuani juu ya ile ya puani, akaitazama trei, akatazama saa, akanyanyua simu na kumwita Waya.

Waya ni fundi wetu wa mitambo, anakaa ghorofa ya juu, mtu mkubwa mwenye vidole vidogo vya kushonea. Alishuka akihema, akasikiliza, kisha akaniuliza swali moja.

"Dada'angu, ulifuta yote au ulifuta haraka?"

Mkutubi alikuwa pembeni yangu. Ile karatasi ilikuwa juu ya kichwa changu.

"Kuna tofauti gani?" nikauliza, kununua muda.

"Ukifuta yote, tofali zote zimebomolewa, kiwanja ni kiwanja. Hapo mimi narudi juu kulala. Ukifuta haraka, umechana ukurasa wa yaliyomo tu. Mashine haioni kitabu, inasema tupu, lakini maneno yamo, mpaka mtu aandike juu yake."

"Yeye hufuta yote," Mkutubi akasema. "Huyu ni mfano wetu."

Nimefukuzwa kazi mara tatu, nimeshakwambia. Najua jinsi inavyoanza. Nilimtazama Timazi. Alikuwa amegeuza sikio upande wangu, shati limenyooka, hana habari ni nini kinapimwa pale. Neno moja tu, yote, na mimi ningebaki mfano, na yeye angerudi nyumbani kumwambia mkewe kwamba tyubu ilikuwa kuukuu.

"Haraka," nikasema. "Miaka mitatu. Sijafuta yote hata moja tangu niajiriwe. Na mpira haukukatika, fundi. Uko kichwani mwangu. Nimefungia nywele."

Nikauvua, nikautia kiganjani mwake. Akaupapasa, akauvuta, akaunusa.

"Una harufu ya mafuta ya nywele," akasema. Bila kukwama.

Mkutubi alivua miwani yote miwili. "Tutaongea," akaniambia. Kisha akamgeukia Waya. "Anza."

Kuanza kulikuwa na shida yake, maana zilibaki diski kumi na mbili zilizofutwa na kusubiri kuandikwa, zote zinafanana kama sahani za harusi. Kama yake ilikuwa kati ya tisa za mwanzo, basi, mpelelezi ameshaila. Waya akatufundisha. Diski iliyoandikwa hubadilika rangi kidogo kwa chini, inakuwa na kivuli, na kufuta haraka hakukiondoi. Vitabu vyetu vinajaza diski mpaka ukingoni. Somo la Timazi lilikuwa dakika arobaini na moja tu. Pale lilipoishia, na kivuli cha kitabu cha zamani kinapoendelea, pangekuwa na mshono, mviringo mwembamba, theluthi mbili kutoka katikati.

Nikazipeleka dirishani. Nilizigeuza kwenye jua moja moja, nikizilaza hivi na hivi kama mama anayetafuta chawa. Ya kwanza, kivuli mpaka mwisho. Ya pili vilevile. Ya sita nikadhani nimeuona, kumbe ni mkwaruzo. Ya kumi na mbili ilipopita sikugeuka. Timazi aliniuliza zimebaki ngapi.

"Kwenye mashine," Mkutubi akasema. "Kuna nini kwenye mashine?"

Diski ya kumi. Ile niliyoianzisha nikimtania kuhusu shati.

Nikaitoa, nikaigeuza juani. Mshono ulikuwepo, mwembamba kama unywele, pale pale alipopasema Waya. Lakini katikati, karibu na tundu, kulikuwa na mviringo mwingine, mweusi zaidi na mpya. Mpelelezi alikuwa ameanza kuingia.

"Sekunde ngapi iliandika?" Waya akauliza.

"Kumi. Labda kumi na mbili."

"Mashine hii inakwenda mbio mara kumi. Hapo kuna dakika mbili zimeliwa, na hizo hazirudi." Akaichukua kwa vidole vyake vidogo. "Nipeni saa mbili, na mtu asinisemeshe."

Saa mbili hizo nilimkalisha Timazi kwa nguvu. Mkutubi akamletea chai mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mimi sikuletewa.

Saa saba na nusu Waya alirudi na diski mpya. Tukaisikiliza mwanzo wake pamoja. Kwanza mpasuko, kisha sauti ya Timazi, imetulia, katikati ya sentensi: "...kwa hiyo usianze na saruji. Anza na sikio. Tofali zima linalia hivi." Ko. "Lenye ufa linalia hivi." Kak.

Timazi alikuwa akihesabu kwa vidole. "Mwanzo haupo," akasema.

"Haupo," Waya akasema. "Pole sana, mzee."

"Jina langu halipo. Nilikotoka hakupo." Akainua vidole vitatu. "Siku tatu zile."

"Sina muda wa kusafisha mwishoni pia," Waya akaongeza. "Somo likiisha, zimeni haraka, kuna takataka za zamani."

Chuo kiko mitaa sita kutoka kwetu. Nilimpeleka mimi, nimebeba kicheza-diski, yeye ameshika kiwiko changu, tunaruka mitaro. Njia nzima nilikuwa natafuta la kumchekesha na sikulipata. Kwenye kona ya mwisho akasema:

"Wataniuliza mimi ni nani."

"Watakuuliza."

"Usinisaidie neno."

"Sikusaidii."

"Nakujua wewe. Mtu akinyamaza unamjazia."

"Leo jino linauma, nina sababu."

Jopo lilikuwa la watu watatu nyuma ya meza ndefu, na mmoja wao, mwalimu wa useremala, alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mkuu wa chuo akasema karibuni, kisha akamwomba mgombea ajitambulishe kabla ya kusikiliza.

Timazi akasimama. Shati bado lilikuwa limenyooka. Akafungua mdomo.

Neno halikuja. Ikaja herufi yake ya kwanza, mara nne, mara tano. Mama wa katikati akatazama karatasi zake, kwa adabu, ile adabu inayoumiza. Mimi jina lake nilikuwa nalo mdomoni, jina lake lote na la baba yake, tamu kama pipi. Nikauma kwenye kidonda cha jino. Machozi yalinitoka, lakini nilinyamaza.

Timazi akafunga mdomo. Akaingiza mkono kwenye mfuko, akatoa mwiko. Mpini wake alikuwa ameuzungushia ule mpira mweusi wenye harufu ya nywele zangu. Akapapasa ukingo wa meza ya jopo, akaugonga. Ko. Akasubiri. Ko. Ko. Seremala akainua nyusi zenye vumbi.

"Meza hii," Timazi akasema, juu ya mdundo, "mguu wake mmoja umelegea. Wa kulia kwangu." Ko. "Mimi ni mwashi." Ko. Akataja jina lake, na la baba yake, na mji aliojenga ngazi yake ya kwanza, na mwaka chokaa ilipommwagikia, na kwamba anaongea hivi, kwa mwiko, na wanafunzi watakaomtaka itabidi wavumilie kelele. Ilimchukua dakika mbili kasoro. Nilikuwa naangalia saa.

Seremala akainama chini ya meza, akautikisa mguu wa kulia. Ukacheza. Akarudi juu, akaandika kwenye karatasi yake.

Kisha nikawasha diski. Dakika thelathini na tisa hakuna aliyekohoa. Walifundishwa kupima kipandio kwa shibiri, kusikia saruji inapoanza kushika, kujua kwa kisigino kwamba ngazi ya tano imezidi ya nne. Mkuu wa chuo alikuwa amefumba macho. Mimi nami nikafumba, nikasahau kazi yangu pekee.

"...na hapo," ilisema sauti ya Timazi, "ngazi imefika juu. Panda."

Na mara, bila pumzi, sauti yangu mwenyewe, ya miaka miwili nyuma, kutoka kitabu cha ufugaji nilichosoma siku msomaji wetu alipopatwa na mafua: "Kuku anayetaga hapendi kelele. Mfugaji avae viatu laini."

Nilibonyeza kuzima na vidole vyote kumi.

Mkuu wa chuo akauliza, uso umekauka, kama kuku nao wako kwenye mtaala.

"H-hapana," Timazi akasema. "Huyo ni d-dada yangu wa maktaba. Hana k-kitufe cha kuzima."

Hapo seremala alicheka mpaka vumbi likamwanguka. Wakamuuliza Timazi maswali robo saa nzima, naye akawajibu kwa mwiko, na mara nyingine, akisahau, bila mwiko.

Alianza kazi Jumatatu ya pili yake.

Mimi Mkutubi hakunifukuza. Aliniita, akanionyesha kabati: diski mia tatu na arobaini, zote za maktaba, kila moja na mabaki ya miaka mitatu. "Zote," akasema. "Futa Yote. Na mimi nitakaa karibu." Aliongeza kwamba mwisho wa mwezi ule hakuna wa kusifiwa. Basi nakaa, dakika ishirini na tano kwa diski, naisikiliza ikikoroma. Nimefika ya themanini na saba.

Jana Timazi alipita akitoka chuoni, chaki kwenye suruali, sauti imekauka kwa kufundisha. Alikuwa na bahasha ya diski mpya, somo la pili, la matao. Akaipapasa trei, akaiweka. Nikaitazama. Ilikuwa na mipira mitatu.

"Fundi, utaratibu ni miwili."

"Miwili ni ya diski," akasema, akielekea mlangoni, amenyooka. "Wa tatu ni wa kichwa chako."